Moja Kumi na Saba

Jalada lilikuwa mezani tangu saa moja asubuhi, na juu yake kikaratasi cha Mkuu wa kituo: "Binti afikishwe kwa hakimu leo Jumatatu saa nane kamili. Usinicheleweshe." Inspekta alikisoma mara moja, akakikunja mara nne, akakisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Angalau huko kingefanya kazi ya maana.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, miaka ishirini na sita kazini, na askari vijana walimwita Bi Kwanini akiwa amewapa mgongo. Alijua. Hakuwahi kuwakataza, maana jina lenyewe halikuwa la uongo.

Kwa macho ya Mkuu, kesi ilikuwa imeiva, imebaki kupakuliwa tu. Mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na minane, alikutwa Alhamisi amelala chini ya ngazi za uani kwake, kisogo kimepasukia kwenye ukingo wa saruji. Daktari aliona michubuko miwili kifuani, mipana, ya viganja. Mzee alisukumwa. Jirani alimsikia binti yake saa nne asubuhi akipiga kelele: "Nimechoka na hizo moja zako!" Na binti huyo huyo, aliporudi kutoka kazini saa kumi jioni na kumkuta baba yake pale chini, alichota maji, akatia sabuni, akapiga deki ngazi nzima kabla hajamwita mtu yeyote.

"Nani anapiga deki damu ya baba yake?" Mkuu aliuliza, na kwake yeye upelelezi uliishia hapo.

Lakini kulikuwa na daftari. Daftari kubwa la jalada gumu, kila ukurasa una tarehe, hesabu mbili ndefu za kugawanya kwa wino mweusi na alama mbili nyekundu za kuhakiki. Ukurasa wa Jumatano ulikuwepo. Wa Alhamisi ulichanwa, ukabaki uzi na kipande chembamba cha karatasi.

"Kwa nini mtu achane hesabu?" Inspekta alimuuliza Mkuu.

"Mzee alikuwa na wazimu wake. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Moja-moja. Unataka karatasi ya kichaa ikusaidie nini?"

Inspekta alilichukua daftari, akaagiza binti atolewe mahabusu.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na benchi, meza na dirisha la wavu lililozibwa nusu kwa kabati la chuma. Binti aliingia bila viatu, mikono yake imekwajuka kwa dawa za kufulia. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, zamu ya mchana. Miaka thelathini na tisa. Mumewe alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwendo wa saa tatu kwa gari, na alikuja nyumbani mwisho wa wiki tu.

"Kaa, dada. Umekula?"

"Nimekula, afande."

Hakuwa amekula, ilionekana. Inspekta alimsogezea chai yake mwenyewe, akafungua daftari.

"Baba yako alikuwa anatafuta nini humu?"

"Moja kumi na saba." Aliandika kwa kidole juu ya meza. "Unaandika moja, mara kumi na saba, mfululizo. Ni namba moja kubwa. Alitaka kujua inagawanyika kwa nini."

"Kwa nini?"

Binti alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hilo mama yangu alimuuliza mpaka akaingia kaburini. Baba alikuwa anasema, ona: moja tano zinagawanyika kwa 41. Moja saba, kwa 239. Moja kumi na moja, kwa 21649. Moja kumi na tatu zinagawanyika kwa 53, kitu rahisi hata mtoto anakipata. Ukifika kumi na saba, kimya. Unagonga, hakuna anayefungua. Ndiyo maneno yake hayo."

"Sasa alikuwa anagonga vipi?"

"Aligundua kitu kimoja. Namba yoyote tasa itakayoigawa hiyo, ukiigawa yenyewe kwa thelathini na nne lazima ibakishe moja. Kwa hiyo akaziacha nyingine zote. Akaanza na 103, halafu 137, halafu 239, akapanda hivyo hivyo. Mbili kwa siku, isipokuwa Jumapili. Kwa chaki, ubaoni."

"Kuanzia lini?"

"Miaka kumi na sita sasa. Namba kama elfu tisa na mia sita."

Inspekta alipiga mluzi bila kutaka. "Kompyuta je?"

"Marufuku ndani ya nyumba ile. Eti mashine haijui inatafuta nini."

"Na wewe kazi yako?"

"Mimi karani." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Akimaliza ubaoni, mimi nanakili daftarini kwa wino. Halafu yeye anahakiki daftari kwa tisa, anaweka alama nyekundu, anafuta ubao. Hesabu inabaki daftarini peke yake."

"Kwa tisa ni nini?"

"Unajumlisha tarakimu zote mpaka ibaki tarakimu moja tu. Moja kumi na saba: jumla kumi na saba, moja na saba, nane. Basi na upande wa pili, ukizidisha na kujumlisha, lazima utoke nane. Ukitoka nane, hesabu ni safi. Kila mwanafunzi wa baba anajua hilo. Alitufundisha sote kwa fimbo. Hata mume wangu alikuwa mwanafunzi wake."

Inspekta aliandika neno hilo la mwisho, akalipigia mstari.

"Alhamisi mligombana."

"Tuligombana, sikatai." Macho yalimlowa, akayafuta kwa mkono wa gauni. "Nilimwambia nataka kuhamia kwa mume wangu. Miaka kumi na moja ya ndoa, mume namwona Jumamosi na Jumapili kama mgeni. Baba akasema karani haondoki kazi haijaisha. Nikapiga kelele. Nilikuwa na hasira, afande, nilikuwa na hasira mpaka nikatetemeka. Yeye akanigeuzia mgongo, akaendelea na chaki yake. Kabla ya saa sita akasimama. Akaniita. Baki lilikuwa sifuri."

"Alipata?"

"Alipata. Nikanakili, akahakiki, akaweka nyekundu, akafuta ubao. Nikaondoka kwenda kazini. Nimerudi, yuko pale chini."

"Na deki?"

"Ningefanyaje? Majirani walishaanza kuchungulia uani. Nilikuwa nasikia wanavyokuja. Sikutaka wamkanyage." Aliitazama mikono yake. "Mimi nafua damu za watu kila siku. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Inspekta alimsukumia karatasi na kalamu. "Niandikie kilichokuwa kwenye ukurasa uliochanwa. Jibu tu."

Binti aliikodolea macho karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri wa karani: 2071723, alama ya kuzidisha, 5362322357.

Aliporudishwa mahabusu, Inspekta alifunga mlango wa ofisi. Alilaza ukurasa mtupu uliofuata ule uliochanwa, akachukua penseli butu, akaupaka taratibu, kwa ulalo. Mkono wa Alhamisi ulikuwa umekandamiza kweli kweli. Tarakimu zilijitokeza nyeupe katikati ya kijivu, moja baada ya nyingine: 2071723. 5362322357. Binti hakudanganya.

Ndipo Bi Kwanini alipofanya jambo ambalo Mkuu angelicheka wiki nzima. Aligeuza fomu ya kuomba mafuta ya gari, akaanza kuzidisha nyuma yake kwa mkono. Ilimchukua dakika ishirini. Jibu lilianza na 11109. Alisonya, akarudia. 11109. Mara ya tatu alitumia rula ili safu zisipinde, na ikawa ile ile: 11,109,246,560,411,111. Zile moja kumi na saba hazikuwepo.

Alijaribu kwa tisa. Namba ya kwanza ilitoa nne. Ya pili, mbili. Nne mara mbili, nane. Na moja kumi na saba, nane. Safi kabisa! Alijiegemeza kitini, akatazama dari yenye madoa ya maji. Hesabu ya uongo ilikuwa imepita mtihani wa mzee bila kuguswa.

Alianza kupangua. Kosa liko wapi? Alipozigawanya zile moja kumi na saba yeye mwenyewe kwa 2071723, jibu lilikuwa 5363222357. Daftari lilisema 5362322357. Tatu na mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Ukipishanisha tarakimu, jumla haibadiliki, na tisa haioni kitu. Ubaoni hesabu ilikuwa sahihi, kwa sababu baki lilikuwa sifuri. Kosa liliingia kwenye kunakili. Ubao ulifutwa. Kwa hiyo namba hii mbovu ilikaa mahali pamoja tu duniani, kwenye ukurasa ule, kuanzia saa sita mchana mpaka mtu alipouchana.

Sajenti aliingia saa tano na nusu, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ametumwa chuoni tangu alfajiri, kwa sababu moja ndogo: Jumamosi, mume wa binti alipokuja kuandika maelezo, alisema hataweza kufuatilia dhamana ya mkewe Jumatano, ana mhadhara. Mhadhara wa nini, aliulizwa. Wa namba, akasema.

"Nimeupata, afande. Katibu muhtasi alinitolea nakala. Muhuri wa kupokelewa huu hapa: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni."

Inspekta alifungua. Kurasa nne zilizopigwa chapa, jina moja juu, jina la mkufunzi. "Kwa mara ya kwanza duniani," ilisema aya ya kwanza. Akashuka na kidole mpaka katikati ya ukurasa wa pili, akasimamisha kidole.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko mapokezi. Kaleta nguo na sabuni ya mkewe."

"Mwambie apite na sabuni yake."

Mkufunzi alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikaa kwa heshima, mfuko wa nguo mapajani.

"Poleni na kazi, Inspekta. Mke wangu anaendeleaje?"

"Yupo. Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Chuoni, kutwa. Nilishaeleza."

"Ulifundisha?"

"Sikuwa na kipindi. Nilijifungia ofisini naandika."

"Kuna aliyekuona?"

"Mtu akijifungia, anaonwa na nani?"

"Ndiyo hivyo hivyo na mimi nimejiuliza." Alimwekea mhadhara mbele. "Hii ndiyo uliyoandika?"

Mkufunzi aliutazama, akatabasamu kidogo. "Ndiyo. Ni jambo la kitaalamu kidogo."

"Nieleweshe polepole, mimi darasa langu lilikuwa la nyuma. Namba hizi mbili ulizipataje?"

"Kwa kompyuta. Mzee alijitesa bure miaka yote ile. Mashine inamaliza kabla hujapepesa."

"Na ulihakiki?"

"Bila shaka. Siwezi kuwasilisha kitu bila kuhakiki."

"Vipi?"

"Kwa tisa. Nane huku, nane—"

"Kwa tisa," Inspekta alirudia. "Una mashine inayomaliza kabla hujapepesa, halafu unahakiki kwa vidole kama mtoto wa darasa la nne. Kwa nini?"

"Mazoea. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na mzee."

"Sajenti, mpe mkufunzi kalamu. Au zake mbili zinatosha. Tuzidishie hizo namba, tafadhali. Tarakimu tano za mwanzo zikitoka moja tupu, nitakuomba radhi mbele ya kituo kizima na mkeo nitamwachia mikononi mwako."

Mkufunzi alianza kwa haraka ya mtu mwenye uhakika. Mstari wa tatu mkono ulipungua kasi. Wa saba ulisimama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na ofisi haikuwa na joto. Alijumlisha, akafuta, akajumlisha tena.

"Itakuwa makosa ya uchapaji," alisema.

"Makosa hayo hayo yako kwenye daftari la mkweo. Tatu na mbili, zimepishana pale pale." Alimwonyesha ukurasa uliopakwa penseli. "Kompyuta yako ilikosea kama alivyokosea mkeo, tarakimu ile ile, siku ile ile?"

"Aliniambia yeye! Mke wangu. Alinisomea kwa simu."

"Simu yake iko kwa fundi tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, kioo kimepasuka. Fundi nimeongea naye Jumamosi."

"Alitumia simu ya kazini."

"Iko mapokezi ya hospitali na ina kitabu cha kusaini. Hajasaini. Lakini tuseme kakupigia. Mbona umeniambia kompyuta?"

Mkufunzi aliufinyanga mfuko wa nguo. Kisha akainua kichwa, na sauti ikawa nyingine, kali. "Inspekta, namba yenyewe hiyo ilishavunjwa! Zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Imo vitabuni. Ni upuuzi! Nimuue mtu kwa kitu kilichomo vitabuni?"

Hapo Inspekta alisita. Hilo hakulijua. Alimtazama Sajenti, Sajenti akainua mabega. Miaka kumi na sita, namba elfu tisa na mia sita, na jibu lilikuwa limekaa kwenye rafu za watu wengine tangu kabla mzee hajazaliwa. Lilimuuma zaidi ya alivyotarajia.

"Ulilijua lini hilo?" aliuliza taratibu.

"Ijumaa. Mwenzangu wa idara aliusoma mhadhara, akanicheka."

"Ijumaa. Na Alhamisi saa kumi na mbili uliandika 'kwa mara ya kwanza duniani'. Kwa hiyo Alhamisi mchana, pale ngazini, ulikuwa hujui."

Nje mtu alikuwa anaita namba za watu waliopanga foleni ya vitambulisho.

"Nilikuja kumchukua mke wangu," mkufunzi alisema mwishowe, akitazama sakafu. "Kweli kabisa. Niliomba gari la rafiki, nikaja kumwambia mzee kwamba basi, inatosha. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi na daftari, anacheka peke yake. Nikaona ukurasa. Nikamwomba. Nikamwambia tuandike majina mawili, Mwalimu, lako na langu, mimi nitalipeleka jibu chuoni, utaheshimika. Akasema ana karani tayari, na mimi hata ukarani siuwezi. Akasema hivyo huku anacheka. Kama darasani. Miaka thelathini imepita, bado mimi ni yule yule wa kuchekwa darasani."

"Ukamsukuma."

"Nilitaka daftari tu."

"Ukauchana ukurasa, ukaendesha saa tatu, ukaupiga chapa. Jumamosi ukaja hapa, mkeo yuko ndani kwa damu ya baba yake, ukaandika maelezo ukaondoka. Leo unamletea sabuni."

Inspekta aliuchukua ule mfuko wa nguo mapajani mwake, akamkabidhi Sajenti, na hakujisumbua kuficha karaha aliyoisikia.

Saa saba na nusu, gari la kwenda mahakamani lilikuwa linanguruma uani. Mkuu alisimama mlangoni akatazama saa yake, akaambiwa abiria amebadilika, akaondoka bila kuuliza kwa nini.

Binti aliletwa ofisini. Inspekta alimwambia yote akiwa amesimama, kwa sababu mambo ya namna ile hakuweza kuyasema amekaa. Alimwambia ni nani. Binti alishika ukingo wa meza. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mumewe kweli alikuwa amekuja kumchukua, na Inspekta akasema ndivyo alivyoeleza. Kuhusu vitabu na miaka mia moja, alifungua mdomo, akaufunga. Hayo angeyasikia mahakamani. Leo yalitosha yaliyopo.

"Umetoka, dada. Na kilichokutoa ni kosa lako mwenyewe." Alimwekea karatasi mbele, akamwonyesha tatu na mbili. "Ulipishanisha tarakimu ulipokuwa unanakili. Usingezipishanisha, nisingekuwa na kitu cha kumshikia."

Binti alizitazama tarakimu zile.

"Sikukosea," alisema.

"Zimepishana, angalia."

"Naona. Nilizipishanisha mimi, makusudi. Miaka kumi na sita sijakosea hata nukta, afande, ningekosea siku ile?" Alizungumza polepole, bila kuinua macho. "Alikuwa ametoka kuniita karani. Nilijua tisa haitaona kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikasema moyoni, siku moja tu, na yeye aweke nyekundu ya uongo. Nitamwambia jioni nikirudi. Nilitaka nimwone uso wake."

"Halafu?"

"Akahakiki. Nane, nane. Akaweka alama, akafuta ubao. Nikawa nasubiri aseme karani katoka zamu. Akanishika mikono, yote miwili. Akaniambia, 'Ahsante, mwanangu. Bila wewe nisingefika.' Hajawahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Nikafungua kinywa nimwambie, afande, nikashindwa. Nikaenda kufua mashuka."

Inspekta alivuta fomu ya maelezo, akaifungua kalamu, halafu kalamu ikabaki hewani.

"Hili lazima liandikwe," alisema. "Wakili wake atataka kujua namba ilipindaje. Utaulizwa mbele za watu."

"Andika," binti alisema. "Andika nilimdanganya. Lakini andika na ile ahsante, neno kwa neno, maana aliyeisikia ni mimi peke yangu."